Masega

Katika gereji moja ya hapa Mwanza, fundi alinifunza neno. "Mwalimu, masega haya yana pesa. Tukiyatoa, gari halitasimama."

Nilijua sega la asali tu. Kumbe kwenye bomba la moshi mna kifaa chenye vitundu kama vya nyuki, kilichopakwa madini adimu kama platini, nacho hugeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi kabla haijatufikia puani. Nikausifu ubunifu wa mafundi wetu, kisha nikayauza masega. Ada ya mwanangu ilikuwa inadaiwa.

Gari likaendelea kutembea. Lilipokaguliwa, zilitazamwa taa, breki na matairi, likabandikwa stika. Hakuna aliyeingiza kipimo bombani.

Methali yasema pafukapo moshi pana moto. Sisi wakazi wa ziwani twajua kwamba nguzo nyeusi zinazofuka juu ya maji huwa ni mawingu ya wadudu tu: moshi usio na moto. Na kaboni monoksidi haina rangi wala harufu: sumu isiyo na moshi. Jicho halitoshi, ndiyo maana kipimo kinahitajika.

Watunzi wenzangu, sumu isiyofuka tuiiteje, ili mkaguzi naye aiulizie?

Kila asubuhi mwanangu huketi kiti cha nyuma, dirisha wazi, tukijongea kwenye foleni. Nimeanza kuweka akiba ya kununua masega mengine. Bei yake imeishinda ile ada.