Mwalimu Wangu Bora Nilimpeleka Darasa la Kwanza

Nilikabidhiwa shule ya msingi kama mwalimu mkuu huku Msambweni, Kwale, baada ya elimu ya bure kuanza Januari 2003. Serikali ilituma shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya kusomea, 370 za matengenezo, mlinzi, maji na mengineyo. Kila fungu na akaunti yake, na sahihi ya mwalimu mkuu kwenye kila hundi. Sisi tuliosomea ualimu tukajikuta wahasibu. Asubuhi uko benki Ukunda, mchana unapanga risiti, na jioni kamati ya shule inakungoja chini ya mwembe.

Watoto nao walifurika. Darasa la kwanza walikaa sakafuni, mtoto wa miaka sita bega kwa bega na kijana wa miaka kumi ambaye hajawahi kushika daftari. Nikaazimia kwamba kipindi cha kwanza baada ya gwaride ni cha madarasa ya chini, ofisi ingoje. Nilikaa nyuma, nikamwita mtoto mmoja mmoja anisomee. Wakiwa pamoja waliitikia kwa sauti iliyofika barabara ya Lunga Lunga. Nikifunika picha na kuonyesha neno peke yake, wengi walinyamaza. Walikuwa wameukariri ukurasa.

Desturi ya shule nyingi ilikuwa moja: mwalimu mahiri apewe darasa la nane kwa sababu ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na darasa la kwanza aachiwe mgeni au anayekaribia kustaafu. Mwalimu mkuu alipimwa kwa mtihani huo, na wazazi waliuliza alama za wastani kabla ya kuuliza kitu kingine. Niliigeuza desturi hiyo. Nilimwita mwalimu wetu bora wa Kiswahili, mama wa Kidigo, nikamwomba ashuke.

"Mwalimu, nimekosa nini?" akaniuliza.

"Hujakosa, dada. Watoto wanapotea huku chini, na wewe ndiye wa kuwashika."

Alinuna siku kadhaa, kisha akaanza kazi. Mtoto akikwama, mwalimu alimweleza kwa Chidigo, halafu akamrudisha kwenye Kiswahili. Silabi aliziandika mchangani nje ya darasa, kwa kijiti, chaki zilipokwisha. Kufikia muhula wa tatu watoto wake walikuwa wakinisomea maneno niliyoyaandika papo hapo.

Kazi nyingine ilikuwa nje ya ua. Msimu wa watalii uliwavuta wavulana Diani kuuza madafu na shanga ufuoni. Msimu wa korosho uliwaweka mashambani. Nilizoea kuwaita wazazi, nao waliitika, lakini hakuna kilichobadilika. Mzee mmoja wa kamati akanishauri nimwite mjomba. Kwa Wadigo wa hapa, neno la mjomba bado lina uzito kwa watoto wa dadake, na wajomba walipoketi ofisini mwangu, viti vilivyokuwa vitupu vilianza kujaa. Na ustadhi wa madrasa nilimwendea mwenyewe, tukapanga saa ili madrasa na shule zisigombanie mtoto mmoja.

Mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome ulipoenea nchini mwaka 2015, kila mtoto wa madarasa ya chini akapata kitabu chake, na ofisa wa mtaala akawa anakuja na tableti kusikiliza watoto wakisoma. Nilifurahi sana. Lakini ofisa ana shule nyingi na barabara mbaya. Mwalimu mkuu ndiye aliye pale Jumatatu hadi Ijumaa. Asipoingia darasani yeye, vitabu vitalala kabatini.

Ninachokililia hadi leo, nikiwa nimestaafu, ni saa za mwalimu mkuu. Tangu Januari 2023 gredi ya 7, mwanzo wa sekondari msingi, imewekwa ndani ya shule za msingi. Mtu yuleyule sasa anasimamia chekechea, msingi na sekondari msingi, anatafuta chumba cha maabara pasipo na chumba, na bado anaandika hundi. Kila shule ya msingi ya Kwale ipewe karani wa hesabu anayelipwa na serikali, hata ile ya ndani kabisa Kinango. Wabunge wetu na kaunti walisukume jambo hili kwenye bajeti, maana mwalimu mkuu aliyefungiwa ofisini na risiti hawezi kujua ni mtoto yupi wa gredi ya kwanza asiyesoma.