Nimeonja Bourbon ya Staa wa Hollywood Nikiwa Mugoma, Ukweli Ndio Huu

Wadau, nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani Mugoma, Ngara. Kaka yangu karudi kutoka Marekani baada ya miaka sita, na kwenye begi katoa Longbranch, bourbon ambayo muigizaji Matthew McConaughey aliitoa 2018 na kampuni ya Wild Turkey. Kule si ghali, dola 40 hivi. Huku hiyo ni kama laki moja, na jiko la mama linavuja. Kwenye simu alisema analeta hela ya mabati.

Sikusema kitu. Tukamimina kwenye vikombe vya chai, barafu hakuna.

Haya, ladha. Inanukia vanila na asali, haikwaruzi koo. Ina kilevi asilimia 43 lakini husikii mpaka usimame! Wanaichuja kwa mkaa wa mesquite, mti wa Texas, ila moshi niliousubiri sikuuona, na utamu unakata mapema. Naipa saba kwa kumi. Moja kati ya hizo ni ya jina tu.

Baba mkubwa, mtu wa rubisi tangu ujana, akaonja, akatulia.

"Hii si mahindi?"

Jamani! Bourbon lazima iwe na mahindi asilimia 51 au zaidi. Mzee hajui hata huyo staa ni nani.

Kisha akamgeukia kaka, taratibu: "Na mabati, mwanangu?"

Kaka akajiongezea kikombe. Chupa ilipoisha mama akaiosha, anawekea mafuta ya taa.