Kilo 625 za Picha



Baraza letu la Jumapili huku London, ambalo kwa desturi halitoki nje ya siasa za nyumbani na kodi za nyumba, majuma haya limetekwa na jambo jingine: sahibu yetu mmoja, mzaliwa wa Lamu, mpiga picha hodari kuliko anavyokiri mwenyewe, amekata shauri kuzitoa kama kitabu picha zake za mafundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni, huko huko Lamu, tena kwa fulusi zake.

Kwanza alibisha kwa wachapishaji. Mmoja alimsifu sana, kisha akamtaka achangie maelfu ya pauni, jambo ambalo katika vitabu vya picha si ajabu huku, hata kwa wenye majina. Mwenzetu akauliza, nami naona alisema haki, ikiwa mali ni yake na hasara ni yake, kwa nini hukumu iwe ya mtu mwingine?

Zikabaki njia mbili. Uchapaji wa dijitali, wa kitabu kimoja kimoja kwa kadiri ya oda, hautaki rasilimali wala ghala, ila kila nakala ni ghali hata faida haina pa kukaa. Ofseti nayo hudai mabamba yatengenezwe, wino ulinganishwe na karatasi kubwa zikunjwe kurasa 16 kwa 16, na sehemu kubwa ya gharama hiyo hulipwa sawasawa, uchapishe nyingi au chache. Ndiyo sababu nakala 1,000 hazifiki mara mbili ya gharama ya 500, na ndipo wengi wanapopumbazwa na bei ya nakala moja, wakasahau kwamba bili huja kwa jumla. Kitabu chenye jalada gumu na karatasi nzito kikiwa na kilo moja na robo, nakala 500 ni kilo 625, nazo zitapandishwa ghorofa ya tatu, kwenye vyumba viwili vyenye mke na watoto. Mkewe aliuliza swali moja tu: zitalala wapi?

Nimeiona prufu yake. Kuna fundi anayepiga kalafati, kainama, pamba iliyotiwa mafuta imemning'inia kidoleni. Katika karatasi isiyong'aa weusi wa ubao umepauka ukawa kijivu, na picha ya tezo, iliyotandazwa kurasa mbili, imemezwa na mshono wa katikati hata mkono umeachana na mpini. Kuyatengeneza hayo ni kulipa prufu nyingine, na sioni pesa iliyo bora kutumika kuliko hiyo.

Kuhusu idadi, nilimtajia Ed Ruscha wa Los Angeles, ambaye mwaka 1963 alijichapishia picha za vituo 26 vya petroli, nakala 400 tu, kitabu ambacho Maktaba ya Bunge la Marekani ilikikataa; alirudia nakala 500 mwaka 1967, na 3,000 mwaka 1969, watu walipokuwa wameshaanza kukitafuta. Mwenzetu akanijibu kwa kumtaja Cristina de Middel, Mhispania aliyejichapishia kitabu chake juu ya ndoto ya Zambia ya kwenda mwezini, mwaka 2012, nakala 1,000, zikaisha zote na baadaye zikauzwa kwa bei za kutisha. Ni kweli, walakini wangapi walichapisha 1,000 mwaka ule ule, na hatuwataji kwa kuwa hatuwajui?

Zaidi ya hayo kuna namba ya ISBN, ambayo hapa Uingereza hununuliwa, nakala moja ya lazima kwa Maktaba ya Uingereza, na duka la vitabu, ambalo aghalabu hukata thuluthi ya bei au zaidi. Kodi ya mauzo, alhamdulillahi, haipo kwa vitabu vilivyochapwa.

Mwenzetu ameshuka hadi nakala 300. Lililobaki ni la huko nyumbani: kwa pauni 40, bila posta, hakuna fundi wa Matondoni atakayekinunua kitabu chenye sura yake, nami nimemshauri atoe toleo la pili, la jalada laini na karatasi nyepesi, lichapwe Nairobi. Hataki. Asema ule weusi utapauka tena, na mafundi wale ndio watakaokuwa wa kwanza kuliona hilo.