Guka Hataki Kuulizwa

Alhamisi, 6 Juni 2013

Redio haijazimwa tangu mchana. William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, amesimama bungeni London na kusema serikali yake inasikitikia mateso waliyopata Wakenya wakati wa Hali ya Hatari. Watalipa paundi milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa walalamishi 5,228. Majirani wa landi zetu, hizi nyumba za reli, wamemiminika kumpa babu yangu, Guka, mkono. "Mzee, hongera, hatimaye mmelipwa!" Naye anaitikia, anashukuru, anarudi kukata tairi la akala. Kwenye hao 5,228 hayumo.

Jumamosi, 8 Juni

Kule kukataa kwake Mama bado anakuita ukaidi. Watu walipokuwa wakiandikishwa kwa ajili ya kesi, kijana mmoja mpole alikuja na fomu zake, akakaa mezani. Jina lako? Kambi gani? Nani alikupiga? Alama iko wapi? Guka akavaa kofia, akatoka, akarudi usiku.

Mimi namwelewa. Alfajiri ya 24 Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi nzima, operesheni waliyoiita Anvil. Hapa Muthurwa, alikokuwa akilala kwa kaka yake mfanyakazi wa reli, wanaume walitolewa vyumbani. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa. Wakapitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gakunia akitikisa kichwa, unapanda lori. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kambini, Guka akaangukia Manyani. Huko nako ni meza, karatasi na maswali, ili ijulikane wewe ni mweusi, kijivu au mweupe, yaani umeungama kiapo cha Mau Mau kiasi gani. Hata heshima ya mateka wa vita hawakupewa, kwa sababu serikali ilishikilia kwamba hapakuwa na vita.

Sasa leo, ili alipwe kwa kuhojiwa, ahojiwe tena. Na alama aonyeshe ipi? Kovu analo moja tu, la kisu cha tairi.

Marehemu Shosho, mkewe, alikuwa akinisimulia mambo ambayo hayana nafasi kwenye fomu. Mume alirudi 1958, akalala sakafuni kando ya mlango, kitanda kipo. Alikula haraka, mkono wa kushoto ukikinga sahani. Ukimjia kwa nyuma, hata mtoto, anaruka. Mashamba ya kwao Kiambu yalikuwa yameshapimwa na kugawanywa wao wakiwa vizuizini, basi hakuwa na pa kwenda kupumzika. Na Mau Mau yenyewe ilibaki marufuku hadi 2003. Miaka yote hiyo ungemsimulia nani, na kwa faida gani?

Jumanne, 18 Juni

Kanjo, askari wa jiji, wamevamia wachuuzi karibu na lango la soko. Filimbi, matusi, nyanya zikikanyagwa. Nilimkuta Guka amechutama ukutani, mikono kichwani, macho mbele. Manyani walihesabiwa hivyo hivyo, wamechutama watano watano. Vijana wawili walicheka, wakidhani ni mzaha wa mzee.

Mama wa chumba cha pili hakumshika wala hakumwambia ainuke. Alichutama kando yake akaanza kulalamikia bei ya makaa: debe limepanda, na lenyewe nusu ni vumbi. Akalalamika weee, mpaka Guka akasema, "Wanunulia wapi? Wanakuibia." Akainuka mwenyewe.

Hakuna daktari aliyemfundisha huyu mama.

Jumapili, 7 Julai

Leo kasema bila kuulizwa, akichoma mkia wa msumari kwenye moto ili utoboe mpira. Kambi ilikuwa karibu na reli. Mwaka ule wa 1954 homa ya matumbo ilipowaingia na wenzake wakawa wanafukiwa, alisikiliza treni ya usiku kutoka Mombasa. Alijua kesho asubuhi itafika Nairobi, na kaka yake ataisikia. "Basi nikawa namtumia salamu kwa treni," akasema, akacheka kidogo.

Kisha akauliza nauli ya Mombasa. Anataka kupita pale akiwa amekaa dirishani, kwa tikiti aliyoilipia.

Nikamwambia treni hupita kule usiku, hataona kitu. Akasema wakati ule pia hakuwa akiiona.

Mama hataki kusikia. Anasema magoti hayawezi, na filimbi ya stesheni itamrudisha kulekule. Wamebishana hadi chai ikapoa. Guka ameshamtuma mtoto wa jirani akaulizie bei ya daraja la pili.