Jaribio Likianguka, Liseme Sababu

Wiki mbili hizi nimekuwa kimya. Nilikuwa nahamisha majaribio ya programu yangu kutoka JUnit 4 kwenda JUnit 5. Kwa wasioijua, JUnit ni zana ya Java iliyoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997. Unaandika vijiprogramu vidogo vya kukagua programu yako.

Programu yangu inapiga hesabu za samaki wanaopimwa ufuoni Dunga, hapa Kisumu. Jaribio moja la kilo 12.5 za ngege, kila kilo shilingi 400, lilikuwa hivi:

assertTrue(malipo == 5000);

Usiku mmoja mwaka jana likaanguka na kuniambia neno moja tu: AssertionError. Malipo yametoka ngapi? Kimya. Nikadhani limepitwa na wakati, nikalizima, nikalala.

Wiki iliyofuata mama mmoja muuza samaki akanisimamisha. "Kijana wangu, kompyuta yako inakula nusu kilo yangu."

"Hapana mama, kompyuta haikosei." Jamani, aibu!

Niliporudi nyumbani nikaliandika upya:

assertEquals("Kilo 12.5 za ngege", 5000, malipo);

Likaanguka tena, lakini sasa likasema: ilitarajiwa 5000, imepatikana 4800. Tofauti ni 200, bei ya nusu kilo! Nilikuwa nimeugeuza uzito kuwa nambari kamili, desimali ikakatwa. Kurekebisha kulinichukua dakika tano. Kumrudishia mama pesa zake na kumwomba radhi kulichukua muda zaidi.

Ndiyo maana katika kuhama huku sikunakili tu. Kila assertTrue yenye == ndani nimeigeuza iwe assertEquals, na kila dai nimelipa ujumbe unaotaja samaki, uzito na bei.

Tahadhari moja: JUnit 5, iliyotoka 2017, imeuhamisha ujumbe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama vitu vyote vitatu ni maandishi, kompaila haitalalamika. Jaribio litalinganisha ujumbe wako na jibu unalotarajia, nawe utahangaika kutafuta kosa ambalo halipo kwenye programu.

Kwa hiyo kabla ya kulihifadhi jaribio, liangushe kwa makusudi na usome linachosema. Ukiona huelewi leo ukiwa macho, saa sita usiku utalizima tu kama mimi.

Haya, tuonane wiki ijayo.