Mipingo iliyonilipia ada

Nilipotea kidogo, testi zilinibana. Leo nina kisa cha majani.

Wiki tatu hizi kikundi chetu kiko kwenye bustani ya mimea hapa chuo, tunapima miche ya mpingo. Unachuma jani, unalichora kwenye karatasi ya grafu, unahesabu miraba. Halafu unalikausha na kulipima uzito. Ukigawa eneo kwa uzito mkavu unajua kama jani ni jepesi au nene. Miche iliyolelewa kivulini majani yake ni mapana na mepesi, ya juani ni madogo na mazito. Maana yake mche wa kivulini ukiupeleka porini ghafla, unanyauka. Lazima uuzoeshe jua kidogo kidogo.

Mhadhiri akatupa mfano wa Karomia gigas. Mti huo ulijulikana kwanza Kenya mwaka 1977, baadaye ukadhaniwa umetoweka, mpaka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena mwaka 2011, huku huku kwetu kusini. Mwaka 2018 mbegu zake zikapelekwa Missouri Botanical Garden, Marekani, zikaoteshwa. Sasa hata moto ukipita msituni, kuna miche mahali pengine.

Wenzangu wakaandika desa. Mimi nikawa nawaza Lulindi. Jamani, sijawahi kusema humu: ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye mipingo mitatu ya nyuma ya shamba letu. Mzee aliiuza kwa wachonga vinyago. Mpingo unahitaji miaka 70 hivi, au zaidi, mpaka ufae kuvunwa. Ada ile ilikwisha mwaka mmoja.

Jumapili nikapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Boom limeingia?"

Nikacheka, nikauliza habari za visiki. Akasema vinachipua kila masika, naye anafyeka ili mikorosho ipate nafasi. Nikamwomba aviache. Akanyamaza, kisha akasema, "Korosho ndiyo inayokusomesha sasa. Huo mpingo utamsomesha nani?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Ila tumepatana: kisiki kimoja, machipukizi mawili. Mdogo wangu wa darasa la sita atapima urefu kila mwezi na kunibania majani kwenye daftari, kabla kiangazi hakijayapukutisha. Chipukizi lina mizizi ya mti mzima chini yake, kwa hiyo nategemea litaupita mche wetu wa hapa bustanini, tena bila kumwagiliwa. Namba zikija nitawaletea.

Na wewe, kwenu kuna kisiki gani kinachofyekwa kila mwaka? Ukienda likizo kakiangalie.

Haya, naenda kuwahi msosi kabla foleni haijafika mlangoni. Tuonane wiki ijayo.