Wale Ishirini

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Mapera na rasimu ya sura ya pili ya tasnifu yangu. Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na mada yangu ni utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, karne ya 14. Jioni moja tukichambua maharage, bibi akaniuliza, "Huyo mfalme wako alifanya nini hasa?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kuhusu jumba lake la Husuni Kubwa linalotazama bahari, lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Nikamweleza kuhusu sarafu yake ya shaba iliyopatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na pwani. Kisha nikafika kwenye kisa ninachokipenda.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta sultani huyu akiitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe akazirudisha nguo zile kwa kumlipa fukara watumwa kumi. Watu waliposifu ukarimu ule, sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Hao ishirini walikuwa watoto wa nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku nilifungua rasimu. Kisa hicho nilikuwa nimekiweka chini ya kichwa "Ukarimu". Kurasa tatu mbele, chini ya kichwa "Vita", nilikuwa nimeandika jambo jingine analolisema Ibn Battuta huyohuyo: kwamba sultani alizoea kuvamia nchi za Wazanji na kuteka mali. Nilikuwa nimesoma maelezo yote mawili mara nyingi bila kuyaweka pamoja.

Nilitamani kumwambia bibi kwamba walikuwa watu wetu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje na mateka, na huku kwetu hadithi za watu kukimbilia milimani bado zinasimuliwa. Lakini hiyo ni miaka mia tano baadaye. Ibn Battuta hasemi wale ishirini walitoka wapi, nami siruhusiwi kuwapa kijiji kwa sababu tu naumia.

Nilichoweza kufanya ni kufuta vichwa vile viwili na kuandika sehemu moja: mfalme aliyegawa, na alichogawa kilivyopatikana. Msimamizi wangu amenirudishia sura ikiwa na swali moja pembeni: "Tunajua nini kuhusu hawa?"

Juzi bibi naye kauliza kwa simu kama nimeshawapata. Nikamwambia bado, ila sasa wamo ndani ya sura.